Moshi wa Nyumba ya Mwanahawa

Stara binti Mohamedi alikuwa mwanamke wa vitumbua. Watu walioshuka kwenye gari la moshi pale Dodoma, miaka ile Wajerumani walipokuwa wakiisukuma reli kwenda Tabora na mbele zaidi, walimjua kwa sinia lake na kwa namna alivyouza bila kunadi. Alikaa tu, amejitanda kaniki, na mwenye njaa alimwendea mwenyewe. Baba yake alikuwa mtu wa misafara aliyechoka njiani, akaoa hapa hapa. Stara alipenda kusema kwamba uchovu ndio urithi pekee aliouachiwa.

Alikaa karibu na stesheni, kwenye kibanda cha udongo chenye paa la nyasi. Lakini biashara ikiisha hakurudi kwake moja kwa moja. Alijitwika sinia akaenda mtaa wa nyuma, kwenye tembe la dada yake Mwanahawa, kuwasha moto usiopikia chochote.

Mwanahawa alikuwa amemfuata mumewe, Hamidi, Mgogo aliyesilimu akapata kazi ya kutandika reli. Kazi hiyo haikai mahali pamoja. Kambi ilivyosogea magharibi, watu wa mtaa ule walisogea nayo, mlango baada ya mlango, mpaka wakabaki wazee wachache na mbuzi. Siku ya kuondoka Mwanahawa alimshika mdogo wake mkono, akamwomba asiache nyumba ikae bila moto. Moshi ukizifikia boriti, mchwa hawazili. Nyumba iliyopoa huliwa mpaka ikaanguka. Akataka wakirudi wakute pa kuweka vichwa vyao. Stara akaitikia, akidhani ni habari ya msimu mmoja.

Ikawa misimu mitatu. Kuni alizinunua kwa Raheli, mama kijana wa Kigogo ambaye njaa ilimleta mjini na watoto wawili, wakalala kwenye baraza la ghala la mahindi. Raheli alizikata porini upande wa Kizota, akaja ameinama chini ya mzigo. "Mbukwa, mama," alikuwa akisalimu, kisha anautua na kukaa kidogo kabla ya kusema jambo lingine. Nusu ya kuni zile zilikaanga vitumbua. Nusu zilifukuza mchwa kwa ajili ya watu ambao hawakuwepo.

Kisha ikaja amri kutoka bomani. Akida, mtu wa pwani mwenye kanzu nyeupe na macho ya kukosa usingizi, aliwakusanya watu akawaeleza kwamba mtaa wa nyuma umekuwa magofu, fisi wanazalia ndani. Bwana mkubwa anataka barabara iliyonyooka hadi stesheni, nyumba zenye madirisha, na miti pembeni. Nyumba yenye mtu itaachwa, ila huyo mtu aitengeneze. Isiyo na mtu itabomolewa, na kiwanja apewe atakayejenga.

Stara hakuweza kusema ni uongo. Yeye mwenyewe alikuwa akiharakisha hatua anapopita pale jioni, kwa harufu na kwa giza lililokaa kwenye milango. Mtaa ulihitaji watu. Tatizo ni kwamba kila gofu lilikuwa na jina la mtu aliyeahidi kurudi.

Askari waliijua nyumba yenye mtu kwa moshi wake. Basi Stara akazidisha moto, asubuhi na jioni. Nyumba za jirani ziliangushwa, udongo wake ukasawazishwa, mitaro ikachimbwa, miche ikapandwa na kuzungushiwa miiba. Katikati ya uwazi ule tembe la Mwanahawa likabaki peke yake, likifuka.

Alichosahau ni paa. Mtu aliyeishi chini ya nyasi maisha yake yote hafikirii kwamba paa la tembe ni udongo, na kwamba kila mvua zikianza mtu lazima apande, ang'oe majani, ashindilie upya. Mvua za mwaka ule zilikuja nzuri. Majani yakamea juu ya tembe, marefu, ya kijani kabisa, na mbuzi mmoja akapata njia ya kupanda kuyala.

Akida alikuja na kamba ya kupimia na askari wawili. Alimkuta Stara mlangoni, macho yamemwiva kwa moshi.

"Mama Stara, nani analala humu?"

"Mimi."

Akida akatazama juu. "Na hili shamba ni lako? Mtu angelala chini ya paa kama hili, matope yangekwisha mwamsha siku nyingi." Askari wakacheka. "Haya, tuseme unalala humu. Basi gofu ni kile kibanda chako cha kule stesheni. Twende tukalivunje?"

Stara akajifuta macho kwa upindo wa kaniki.

"Mimi si mtu mbaya, mama," akida akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka kama ya Stara. "Nipe mtu. Alale humu, atengeneze paa, nikipita Ijumaa nimkute. Nitapeleka jina lake bomani, na nyumba itakuwa yake."

"Mwenyewe yuko kwenye reli."

"Reli ina watu wengi. Mimi nataka mtu wa mtaa huu."

Alipobaki peke yake Stara aliukalia moto wake, akalipima jambo lile. Angeweza kuhamia yeye. Lakini akihama kibanda chake kitavunjwa, na kutoka huku hadi stesheni na mafuta ya moto ni mbali kwa miguu yake. Angeweza kuliacha tembe lianguke. Halafu Mwanahawa, akishuka siku moja na mizigo kichwani, angekuta mche wa mti. Mwaka jana Silvano, anayetia kuni kwenye gari la moshi, alileta salamu za Mwanahawa: nakuja baada ya mavuno. Mavuno yalipita. Stara alijaribu kukumbuka sauti ya dada yake, ikamjia ile ya utotoni tu.

Kesho yake Raheli alipoleta kuni, Stara alimweleza yote bila kumficha neno, na kwamba akikubali kulala humo tembe litakuwa lake. Raheli hakurukia. Alimweka mtoto chini.

"Dada yako akirudi?"

"Nitampokea kwangu."

"Kwako hapatoshi, mama."

"Najua."

Raheli akapanda juu ya tembe na jembe. Stara alikaa ndani akisikia majani yaking'olewa, kisha miguu ikikanyaga udongo, taratibu, kwa muda mrefu, vumbi likimwangukia mabegani. Ijumaa akida alipita, akatazama paa, akauliza jina. Alipewa la Raheli.

Gari la kwenda Tabora lilipofika, Stara alimtafuta Silvano, akampa vitumbua na kumwomba amfikishie Mwanahawa neno, popote kambi ilipo.

"Mwambie nyumba imesimama."

"Ni hilo tu?"

Alilitazama sinia lake. Filimbi ilikuwa imekwisha lia mara ya kwanza.

"Mwambie ina watu," akasema. "Watu wema. Na mwambie ni mimi niliyewaingiza, asije akasikia kwa mwingine."

Gari likaondoka. Vitumbua vilikuwa vimebaki vingi na jua bado lilikuwa juu, lakini Stara aliokota sinia akaenda kwake moja kwa moja, akajilaza, na usingizi ukamchukua hata kaniki hajaivua.