Upawa na Bawa

Leo wamepaka madawati yetu vanishi, na harufu yake imenirudisha kwenye gereji ya yule Mzungu wa mitambo ya kiwanda cha chai, ambaye mama alimpikia nilipokuwa msichana mdogo.

Nilikuwa nimepeleka chai. Seremala, jirani yetu Mkipsigis, aliinua kichwa akaniambia, "Wewe mtoto, njoo saidia. Leta ile pawa!"

Mimi huona haya kuuliza. Nikakimbia jikoni, nikarudi na upawa wa mama, bado unadondosha supu.

Seremala alicheka mpaka akakaa chini. "Si pawa ya supu! Pawa ya ndege!"

Masikio yakaniwaka moto. Kumbe alikuwa akisema bawa; kwa lafudhi yake ya Kikipsigis, b hutoka kama p. Nikaliona limelazwa nyuma yake, refu kuliko nyumba yetu, mbao nyembamba zilizopakwa vanishi na kuvishwa kitambaa. Mzungu alikuwa akijitengenezea ndege pale pale. Nilikuwa nikidhani ndege zote hutoka ng'ambo, chuma tupu, kumbe hata jirani anaweza kuchonga bawa kwa randa.

Nikashika ncha nikijikaza, nikitegemea uzito. Likainuka kama ungo. Upepo wa shamba la chai ukaingia mlangoni, likavuta mikono yangu juu.

Sijui sauti niliitoa wapi. Nilirudi jikoni nikasema, "Mama, mimi nitajifunza kurusha ndege."

Mama hakugeuka kutoka kwa sufuria. "Sawa, rubani wangu. Lakini kwanza nirudishie upawa."