Jicho Juu ya Pazia

Shangazi yangu ni fundi cherehani kwa mwaka wa ishirini na tatu sasa, na wanawake wa mtaa huu anawajua kwa tepu. Anajua nani ana mimba kabla mume hajaambiwa, nani amekonda kwa mawazo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hii haina mdomo. Mwalimu mmoja wa shule ya jirani alikatwa titi kwa saratani. Shangazi humshonea magauni yenye sponji upande huo, na humpima nyuma ya pazia, wawili tu. Hata mimi, mtoto wa kaka yake ninayemsaidia kutia vifungo, sikujua.

Mwaka jana aliibiwa vitambaa. Akamwita fundi wa kamera, akafungiwa moja juu ya meza ya kukatia, ili aone duka kwa simu akiwa nyumbani. Neno la siri yule bwana aliliacha lile lile la kiwandani, moja mpaka sita, "usije ukasahau, mama." Na shangazi akamshukuru!

Jumanne mteja wake mmoja, muuguzi, aliingia bila salamu, simu mkononi. "Fundi, hebu punga mkono." Shangazi akapunga. Kwenye simu, mwanamke mwenye tepu shingoni akapunga. Ulikuwa ukurasa wa wazi mtandaoni, yeyote anaingia bila kubisha hodi, na kwa kuwa kamera ilikuwa juu, nyuma ya pazia palionekana pote.

Tuliing'oa papo hapo. Fundi wa kamera alipopigiwa simu alicheka. "Mama, nani ana muda wa kutazama duka la cherehani?" Nilimpokonya shangazi simu nikampa yule bwana maneno ambayo siyaandiki hapa, wala siyajutii. Mtu anakulipisha kufuli halafu anaacha ufunguo mlangoni! Tena akatushauri tunyamaze, eti hakuna aliyelalamika.

Shangazi hakunyamaza. Alichukua daftari lake la vipimo akazunguka nyumba kwa nyumba. Wengine walimtukana, wakadai vitambaa vyao. Kwa mwalimu tulikaa nusu saa kabla shangazi hajapata pa kuanzia.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, mkono kifuani.

"Fundi," akasema, "tangu nikatwe, hata mume wangu namgeuzia mgongo nikivaa. Hajaniona mpaka leo." Akatutazama. "Sasa niambie, ni nani aliyeniona?"