Mbao ya Musalaba Niliyojaribia Moteri

Mutu akikuambia hii ni hadisi ya kulalisha batoto, mulete kwangu hapa Baraka nimuonyeshe kidole changu cha kuonyeshea. Kimebaki nusu. Ndoto haikati kidole.

Mi ni fundi. Ninachonga majina ku mbao: ya duka, ya mitumbwi, ya misalaba. Sichongi na mukono, hapana. Nilifungua imprimante za zamani, zile mashine za kuchapa karatasi, nikatoa moteri ndogo ndogo, nikazifunga ku meza, waya zikaenda mupaka ku ordinatere, kompyuta yangu. Unaandika jina ndani ya programu, unafinya "anza", na moteri zinatembeza ncha ya chuma juu ya mbao, herufi moja moja. Hata komeo ya mulango niliiwekea moteri yake, niifunge nikiwa nimekaa. Bibi yangu, mama wa binti yangu, alinicheka: "We baba, uvivu yako imefika ku mulango!"

Muzee aliyenifundisha useremala kule Swima alikuwa na sharti moja: mbao ya musalaba haiandikwi jina la mutu ambaye hajakufa. Hata kwa kuchezea. Nilijua sana. Lakini ile siku, saa nane ya mchana, nilikuwa nimebadilisha moteri moja, nataka kuijaribu, na mbao iliyokuwa karibu ni musalaba wa muteja mumoja anayekaa Mboko. Nikaugeuza nyuma. Nikaandika jina ambalo vidole vyangu vinalijua bila kufikiri, la binti yangu wa miaka saba. Nikajisemea, ni nyuma, kiisha nitalipiga randa, nani ataona?

Lilitoka zuri, niamini. Nikacheka peke yangu kama mujinga.

Kuinua macho, kuna mama amesimama ndani. Sikusikia akibisha. Kitenge yake ilikuwa inachuruzika maji, na nje jua ilikuwa inaunguza.

"Karibu, mama. Umetumwa na wa Mboko?"

"Nimekuja kuchukua ya huyu mutoto." Akaweka kidole juu ya jina. "Lakini haijaisha, papa. Tarehe iko wapi?"

Nikamuambia, mama, huyu mutoto iko muzima, ni wangu, nilikuwa najaribu tu. Alivuta kiti, akakaa. Ku mulango, komeo ikajifunga yenyewe.

Na moteri zikaanza. Sikugusa kitu! Zilichonga siku ambayo binti yangu alizaliwa, mwezi, mwaka, bila kukosa. Kiisha zikaruka mustari, zikaanza tarehe ya kufa: ya ile siku yenyewe.

Yesu wangu! Nilifinya "simama". Nikafinya tena. Nikavuta waya, ordinatere ikazima, moteri zinaendelea. Nikakata waya za batri inayolisha moteri. Zinaendelea. Nikavuta mbao, imeshikamana na meza kabisa. Nikapiga mulango na bega, nikalia, "Munisaidie!" Lakini jirani yangu iko na mashine ya kusaga mihogo, inanguruma toka asubuhi, nani angesikia? Dirisha nayo ina vyuma, na ni mi mwenyewe niliviweka ili bezi basiingie. Nilijifungia, mi na akili zangu zote.

Namba za siku zikaisha. Za mwezi zikaisha. Ukabaki mwaka: namba ya kwanza, ya pili. Nilijua, usiniulize namna gani, kwamba ikiandikwa ya mwisho, mutoto wangu amekwisha. Nikapiga magoti mbele ya yule mama. "Mama, nakuomba, nibebe mi." Hakunitazama. Alikuwa anatazama mbao, kama mutu anayengojea chai ichemke.

Ya tatu ikaisha. Ncha ikashuka kwa ya ine, ya mwisho. Nikaweka kidole.

Maumivu siyaelezi. Ncha ilikata nyama, ikakata na mufupa, kiisha ikavunjika. Moteri zikakwama, zikatoa moshi, zikanyamaza. Yule mama akasimama polepole, akainua ule musalaba niliokuwa nimeshindwa hata kuutikisa.

"Basi nitabeba jina tu," akasema. Komeo ikafunguka, akatoka.

Nilikimbia mupaka ku nyumba, damu inadondoka njia muzima. Binti yangu alikuwa amelala ku mukeka, mwili moto kama makaa, mama yake anamumwagia maji. Jioni homa ikashuka, akaomba bugali na samaki ndagala. Nililia mbele yake bila haya. Nilifikiri nimeshinda.

Asubuhi mama yake akamuita kwa jina. Hakugeuka. Akamuita tena, karibu na sikio. Wapi! Kuku akilia anasikia, kengele ya ekole anasikia, lakini lile jina haliingii. Mupaka leo. Mwalimu akilisoma darasani, batoto wenzake banamusukuma ndipo anainuka. Bibi yangu bado analiita lile jina nyuma ya nyumba, akifikiri simusikii.

We unayechezea mashine, ukitaka kujaribu, andika a, a, a. Usiandike mutu. Bandugu banatuambia tumupe mutoto jina lingine, eti tutamuita "we" mupaka lini? Mi nakataa. Yule mama alibeba moja. La pili simuwekei, akuje kulibeba nalo.