Kurasa Arobaini na Nane

Ofisini walimpachika jina la Arobaini na Tisa, naye wala hakukasirika. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake katika maktaba kuu ilikuwa kuhesabu vitabu vilivyochapishwa nchini kila mwaka, ili nchi nayo ipate mstari wake kwenye jedwali la mataifa. Jedwali lilikuwa na kanuni: kitabu ni kurasa arobaini na tisa au zaidi, jalada halihesabiwi. Pungufu ya hapo ni kijitabu, na vijitabu alivitia kwenye boksi la stoo bila kupepesa macho.

Watunzi walimbembeleza weee. Mmoja alileta kurasa arobaini na saba, akaapa kwamba mbili zililiwa na panya.

"Basi mlete panya atoe ushahidi," alijibiwa.

Mkewe, mwalimu wa darasa la pili, naye aliandika hadithi za watoto. Zilipochapishwa zikafika kurasa arobaini na nane. Alizipeleka mwenyewe kaunta, amevaa gauni lake la kutokea. Mumewe akapitisha kidole gumba pembeni mwa karatasi, akahesabu, akarudia.

"Hata mimi, mume wangu?"

"Hata wewe, bibie. Kanuni haijui mke."

Walicheka wote wawili. Lakini orodha ya vitabu vya kushindania tuzo ilitoka kwenye hesabu hiyohiyo, na mwaka ule mwalimu alikaa karibu na simu miezi miwili. Haikulia. Nakala zilizobaki akawagawia wanafunzi wake. Mumewe alimwahidi kuzisoma hadithi hizo Jumapili, na Jumapili zikapita, mpaka mwalimu akaugua, akafariki. Hawakujaliwa mtoto. Tangu hapo mzee alikuwa wa kwanza kufika kazini na wa mwisho kuondoka, maana nyumbani hapakuwa na wa kumuuliza ameshindaje. Upweke ulimtafuna, na hakumwambia mtu.

Ijumaa moja asubuhi katibu muhtasi alimfuata na barua.

"Mzee, watu wa tuzo wanauliza mbona hatuwapelekei vijitabu. Wanasema kanuni zao hazitaji idadi ya kurasa."

"Wamebadilisha lini?"

"Hawajabadilisha. Hazijawahi kutaja."

Mzee alikaa. Hakuna aliyemwagiza, kipimo cha jedwali alikipeleka kwenye tuzo yeye mwenyewe, kwa ukali wake wa kujitakia.

"Na vya miaka ya nyuma?"

"Wanapokea vya mwaka jana tu, mzee wangu."

Alikwenda stoo, akafukua maboksi hadi akakipata kijitabu cha mkewe. Jalada lilikuwa limepauka. Alikijua uzito wake na upana wake, ila hakujua hata hadithi ya kwanza inamhusu nani. Akaketi juu ya boksi, akafungua. Ukurasa wa tatu ulikuwa na mstari mmoja: "Kwa mume wangu, atakayezihesabu kwanza ndipo azisome."

Alicheka, kisha akalia kwa sauti, na katibu muhtasi aliyekuwa mlangoni akarudi zake taratibu.

Akasoma hadithi zote, polepole, midomo ikicheza. Alipomaliza ukurasa wa arobaini na nane aligeuza karatasi akitafuta mwingine, akakuta jalada.