Vigingi Vilivyoota

Tangu nirudi kijijini kwetu Kaagya sijawahi kumaliza kikombe cha chai nikiwa nimekaa. Jirani ananitania, "Waitu, huko Mwanza hawakukufundisha kukaa?" Walinifundisha mengi, rafiki yangu. Nina stashahada ya upimaji ardhi, na nilijisomesha mwenyewe kwa kufua nguo za watu. Lakini juzi uliitishwa mkutano wa kupanua njia inayopita nyuma ya nyumba zetu, na tangu hapo miguu ndiyo hainitulii kabisa.

Njia hiyo naijua tangu haijawa njia. Ilikuwa miaka ya ujamaa, mimi ni msichana wa shule ya msingi, na harufu ya kahawa iliyoanikwa mikekani ilitufuata mpaka darasani. Mwenyekiti wa kijiji alitaka njia moja pana ya wote: waendao kwa miguu, baiskeli, ng'ombe, na wagonjwa wanaobebwa kwa machela kwenda zahanati. Ikinyooka, ingekata kibanja cha bibi katikati ya migomba na mibuni, hatua chache kutoka kaburi la babu. Bibi alitaka izungukie kwenye nyasi.

"Kwa mzunguko huo mgonjwa atafika maiti," alisema mfua vyuma, ambaye mke wake alikuwa mgonjwa mwaka mzima.

"Na mume wangu akanyagwe na ng'ombe?"

"Yeye hatalalamika, mama."

Watu walicheka. Bibi alitafuna buni zake za kahawa polepole. Uamuzi ukaahirishwa hadi mvua zipite. Mwalimu wetu wa shule akaambiwa aweke vigingi tu, watu waone.

Mwalimu hakuwa Mhaya, mila zetu za mipaka hakuzijua. Alinichagua mimi nimkatie vigingi, maana nilikuwa wa kwanza kwa hesabu, na hilo najivunia hata leo. Nilitaka vilivyonyooka kuliko vyote. Nikaenda uani kwa bibi nikakata matawi ya mulamula, mti ambao kwetu hupandwa mpakani, na ukishashika mizizi hakuna anayethubutu kuung'oa. Nilijua hayo yote. Ila kichwani mwangu mpaka ulikuwa kitu cha wazee, na kigingi kitu cha shule.

Mvua ikanyesha. Vigingi vyote vikatoa majani.

Kwenye mkutano wa pili mfua vyuma alisimama. "Mulamula umeota. Nani atang'oa?"

"Kwanza tujue nani kapanda," akasema mzee mmoja.

Kumpandia mtu mpaka ndani ya kibanja chake lilikuwa kosa la kuaibisha ukoo mzima. Binti mwenye doa hilo angelibeba mpaka siku ya kuposwa. Mwalimu alitazama viatu vyake. Nikajisogeza nyuma ya bibi.

Bibi akainuka. "Nimepanda mimi."

"Wewe uliyeikataa njia?"

"Kwani mwanamke habadili mawazo?"

Mwenye kibanja akishapanda mpaka mwenyewe, hakuna wa kubisha; njia ikapita. Mibuni kumi na mmoja ikakatwa, na ng'ombe wakapita karibu na kaburi kila asubuhi. Bibi hakunigombeza hata siku moja. Jioni ile alinijazia senene wa kukaanga kuliko wajukuu wote. "Kula, mpimaji wangu," alisema. Kumbe alikuwa ameshanichagulia kazi.

Bibi hayupo tena, na mikeka ya kahawa haipo. Mulamula tu ndiyo ilibaki, mirefu kupita paa. Juzi kijana wa mradi wa njia alisema, "Hivi vichaka tunafyeka asubuhi moja." Wanakijiji wakaniomba mimi, mtaalamu, niseme neno. Nikasema juu ya upana, mteremko na mitaro. Nilisema vizuri, walinipigia makofi. Vigingi sikuvitaja.

Leo asubuhi nimesikia mapanga. Nimetoka mbio, kikombe mkononi. Mulamula wa kwanza ulikuwa chini, wa pili unainama. Nikasimama karibu na kaburi la babu, nikingoja mtu mmoja tu aulize nani kapanda. Safari hii ningejibu. Vijana wakanisalimia kwa heshima, wakaendelea kufyeka.