Gundi Iliyokula Bawa

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Chake Chake nikiwa na shahada ya fizikia kwenye bahasha ya plastiki, na tai niliyofungiwa na shemeji yangu kwa kuwa chuo kikuu hakikunifundisha kuifunga. Mkuu wa Karakana aliisoma shahada mpaka chini, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akanirudishia. Kisha akanipa msasa.

Karakana yetu ilitengeneza vielelezo kwa ajili ya skuli za Pemba: mizani, mifano ya moyo wa mtu, tufe za dunia ambazo bahari zake zilipauka kabla ya muhula kwisha. Vijana mnaofundisha leo kwa simu mtaniwia radhi nikieleza taratibu. Zamani zile, ukitaka mwanafunzi aone bawa linavyobebwa na upepo, ilibidi uunde ndege. Haikuwa na injini. Ilirushwa kwa mkono, na bawa lake, ncha hadi ncha, lilikuwa refu kama mtu mzima.

Ndani ya bawa kulikuwa na kiini cha foamu nyeupe, ile inayoizuia televisheni isivunjike ndani ya boksi. Tuliikata kwa waya uliopashwa moto kwa betri ya gari. Foamu ni nyepesi lakini haina uti wa mgongo, kwa hiyo tuliivika ngozi ya vinia, yaani ubao uliochanwa mwembamba kama jalada la daftari. Kila kimoja peke yake kinavunjwa na mtoto. Vikigandana, unapata bawa. Kazi yote, basi, iko kwenye gundi.

Ghalani tulikuwa na gundi tatu, na juu ya gundi zote alikuwepo Bi Mize, Mtunza Ghala, mwenyeji wa Kojani, ambaye hakutoa kopo kabla ya kulinusa. Gundi nyeupe ya maseremala ni ya maji. Haina ubaya, ila ikishafunikwa haipati hewa, huchukua siku tatu kukauka, na usipoikandamiza vizuri hulipinda bawa. Gundi ya mirija miwili, unayoichanganya mwenyewe, hushika kama kupe lakini ni nzito. Usipoikwangua ukabakisha utando tu, umeunda jiwe. Ya tatu ni ya mafundi viatu, ya rangi ya asali, inayopakwa pande zote mbili na kushika papo hapo.

Nilikuwa bado kwenye muda wa majaribio ulipokuja ujumbe kwamba Mkaguzi Mkuu anavuka kutoka Unguja. Angeitazama ndege yangu ikiruka mbele ya wanafunzi wa Makangale, kisha aamue kama nithibitishwe kazini au nirudi nyumbani, ambako mama alikwishawaambia majirani kwamba mwanawe ndiye anayeendesha idara. Zilibaki siku nne. Zilitosha kwa gundi nyeupe, lakini mimi nilizitaka siku hizo kwa kuandika hotuba.

Nikaomba gundi ya viatu. Bi Mize akalinusa kopo, akalishikilia.

"Hii ina harufu ya petroli," akasema. "Kwetu Kojani foamu twaitia kwenye petroli ikawa uji, tukazibia vyombo vinavyovuja. Sasa weye wataka bawa au wataka uji?"

Nilimjibu kwa muda wa dakika kumi hivi. Nilitaja molekuli. Nilitenganisha kimiminika na mvuke, na nikaongeza, Mungu anisamehe, kwamba kuziba mitumbwi si utafiti. Bi Mize alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa wa homa.

"Tia tone moja kwenye kipande kibovu," akasema nilipomaliza. "Kasali alasiri, urudi uangalie."

Nikamwambia sina muda, nikatia saini, nikalichukua kopo.

Nilipaka gundi, nikalaza vinia, nikakandamiza kwa majalada ya kumbukumbu za vikao, ambayo siku hiyo yalifanya kazi kwa mara ya kwanza. Ndani ya bawa ikasikika sauti ndogo, kama bajia zinazokaangwa nyumba ya tatu. Mkuu wa Karakana akauliza kulikoni. Nikamfahamisha kwamba ndiyo gundi inashika.

Nilipoondoa majalada, bawa lilikuwa zuri ajabu. Lilikuwa nyororo, limenyooka, na jepesi kuliko hesabu zangu. Wepesi ule niliuandikia aya nzima kwenye hotuba.

Makangale walimu waliwapanga wanafunzi mistari. Hotuba yangu ilipokwisha, Mkaguzi Mkuu, mtu mpole mwenye miwani mizito, aliomba kulishika bawa. Alilishika kwa heshima, kidole gumba juu na vinne chini. Vinia ikalia, na vidole vikakutana. Akalichungulia tundu kwa kitambo.

"Kiini kiko wapi?"

Nikasema jana kilikuwepo.

"Na leo?"

"Kimekuwa uji, Mheshimiwa."

Mwalimu mmoja akawaamuru wanafunzi wasicheke, na hapo ndipo walipocheka. Bi Mize, aliyekuwa amekuja nasi, akateremka kwenye gari na kitu kirefu alichokifunga kwa kanga. Lilikuwa bawa. Jioni ile niliyomhutubia aliviokota viini nilivyovikata vibaya nikavitupa, akavipaka gundi nyeupe, akalaza vinia na kuweka gunia la mchanga juu kwa siku tatu. Upande mmoja lilikuwa limepinda kidogo kama ndizi.

Tukalifunga, Mkuu wa Karakana akairusha ndege. Ikapanda, ikakata kushoto, ikaipita mihogo, ikageuka na kuja kutua miguuni pa Mkaguzi kana kwamba imetumwa. Uwanja mzima ukapiga makofi.

Mkaguzi akauliza bawa la nani. Bi Mize akajibu ni la Karakana, akanitazama. Ningenyamaza, nadhani mambo yangenyooka. Nilimfikiria mama na majirani zake. Kisha nikasema, "Ni lake Bi Mize, Mheshimiwa. Mimi nilitengeneza lile jingine."

Barua ilifika baada ya mwezi. Nilithibitishwa, "kwa sharti kwamba asitumie gundi yoyote ila kwa idhini ya Mtunza Ghala."

Barua hiyo ilikaa kwenye faili langu. Ilinifuata Wete nilikohamishiwa miaka sita, ikarudi nami Chake, na nilipopandishwa kuwa Mkuu wa Karakana ilipanda pamoja nami. Nilikuwa naidhinisha likizo ya Bi Mize, naye anaidhinisha gundi yangu. Aliandika kila mara: "Imekubaliwa. Atie tone kwanza."

Mwaka niliostaafu, kwa hiari na mapema, niliona aibu kuacha faili lenye sharti kama la mtoto. Nikaandika maombi sharti hilo lifutwe. Ofisi ikajibu kwamba anayeweza kupendekeza hilo ni yule aliyekabidhiwa idhini. Nikapanda mashua hadi Kojani, ambako Bi Mize alikuwa amestaafu kabla yangu. Aliyasoma maombi mara mbili.

"Siku ile ungesema bawa ni lako, barua ingekuja bila sharti," akasema. "Na miye nisingekupa tena hata kopo la maji. Wacha likae, mdogo wangu."

Hakutia saini. Nami sikuomba tena.