Kabureta ya Albina

Kwetu Turkey Fork, Nebraska, injini iliyofumuliwa na kuundwa upya haiwashwi na mtu mmoja. Huitwa watu. Kila mmoja huja na kiti chake cha kukunja, akina mama huleta kolache, vimaandazi vya Kicheki vyenye plamu katikati, zikiwa bado na joto la jiko, na mwenye gari ndiye anayepewa ufunguo. Jumamosi ile tulijaa bandani kwa Lad Vondracek, tukalizunguka gari la marehemu Emil Sedlak, Ford Fairlane ya rangi ya maziwa, mfano wa watu wanaomngoja mgonjwa afumbue macho.

Mwenye gari sasa alikuwa Albina, mjane wa Emil na mdogo wake Lad wa tumbo moja. Lad ni mtu wa Chevrolet. Huku kwetu jambo hilo ni kama ukoo, mtu huzaliwa nalo na kuzikwa nalo. Emil alipokuwa hai, mashemeji hao wawili walitaniana juu ya magari yao hata kwenye meza ya Krismasi, na Emil hakumruhusu Lad aguse hata kifuniko cha rejeta. Lakini Emil alifariki injini ikiwa vipande ndani ya makasha, na Albina hakuwa na mwingine wa kumwomba.

Kitu kimoja tu alikifanya kwa mkono wake, nacho ni kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa. Emil alimfundisha zamani. Aliifungua juu ya meza ya jikoni, akaisugua kwa mswaki, akapanga skurubu zake ndani ya trei ya mayai ili zisipotee, akaifunga tena. Nilimwona siku aliyoileta kwa kaka yake. Alikuwa ameizungushia taulo safi na kuipakata, utadhani anampeleka mtoto kubatizwa.

Sasa akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikashika, kisha ikaanza kutetemeka na kumisi vibaya, mwendo wake kama wa mtu anayeshuka ngazi kwa mguu mmoja. Mara ikatema moto kwa juu, kupitia mdomo wa kabureta. Duane Hruska akaangusha kolache yake.

"Zima! Zima, Albina!" Lad akapiga kelele.

Alichomoa plagi moja moja. Nne zilikuwa kavu, nne zimelowa petroli chepechepe. Akatuinulia zile mbichi tuzione.

"Mnaona wenyewe, jamani. Injini yangu haina neno. Hapa kuna mtu kafunga kabureta kwa mwiko."

Tukacheka. Duane akadakia, "Albina, hukutia hamira humo?" Tukacheka tena.

Albina alikuwa bado ndani ya gari, mikono juu ya usukani. Alishuka, akakusanya trei zake za kolache pamoja na zile ambazo hazijaguswa, akashika njia ya kwao kwa miguu. Mwanamke wa kwetu akiondoka na kolache zake, watu hunyamaza. Tulikunja viti bila kutazamana.

Aliyechelewa kutoka ni Milo Pospisil, mzee wa posta aliyestaafu, mtu wa Ford tangu utoto.

"Lad," alisema taratibu, "ile kamshafti uliyoinunua mnadani, uliangalia imetoka kwenye injini ya mwaka gani?"

Kamshafti ni ule mhimili wenye vinundu ulio ndani ya injini, unaofungua valvu kwa zamu. Ya Emil ilikuwa imelika. Lad alipata nyingine kwenye mnada wa vipuri vya zamani, na muuzaji alimwambia ingeingia bila tabu. Na kweli iliingia bila tabu.

"Milo, mimi nilikuwa nafunga injini wewe ukilamba stempu."

"Haya, bwana. Mimi nimeuliza tu."

"Kaulize posta."

Jumatatu Lad alitoa kabureta nyingine kwenye rafu yake, nzima, anayoijua, akaifunga mahali pa ile ya dada yake. Injini ikamisi vilevile, ikatema moto vilevile. Hapo alijua. Hakujua ubovu uko wapi, ila alijua kwamba hauko mikononi mwa Albina. Angeweza kuvuka barabara dakika ile ile akamwambia. Badala yake alikuja mezani kwetu, pale tunapokunywa kahawa kila asubuhi, na Duane alipomuuliza gari linaendeleaje akasema, "Bado nahangaika na kabureta ya dada." Akakoroga kahawa ambayo hakuitia sukari.

Aliendelea hivyo hadi Alhamisi, Milo alipokuja na habari.

"Albina anauza gari. Kuna mtu wa Omaha anakuja Jumamosi kulichukua hivyo hivyo lilivyo."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Anasema ameliua gari la Emil kwa mikono yake, hawezi kulitazama."

Lad akaweka kikombe chini. Alitoka bila kuaga, na kupitia dirishani tulimwona akitembea haraka kuliko umri wake.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baadaye, akinitazama viatu badala ya uso. Alifungua vifuniko vya valvu, akashika spana ndefu na kuizungusha injini kwa mkono, polepole, huku akizitazama valvu zikifunguka moja baada ya nyingine. Juu ya injini, kwenye chuma chenyewe, imeandikwa zamu ya silinda kuwaka: moja, tano, nne, mbili, sita, tatu, saba, nane. Nyaya za plagi alizipanga kwa kufuata maandishi hayo, kwa kuwa chuma hakisemi uongo. Sasa baada ya silinda ya kwanza aliingoja valvu ya silinda ya tano. Haikutikisika. Iliyofunguka ilikuwa ya tatu.

Akadhani amehesabu vibaya, maana Ford hupanga namba za silinda tofauti na Chevrolet. Akaanza upya, kidole kikigusa kila silinda. Tatu tena. Kisha saba. Ndipo alipoketi juu ya ndoo. Kamshafti aliyoinunua ilikuwa ya injini ya miaka ya baadaye, ndugu wa hii kwa umbo, lakini yenye zamu yake nyingine. Silinda nne zilikuwa zinapata cheche kwa wakati wake. Nne nyingine zilikuwa zinapigwa cheche wakati wa kuvuta pumzi. Maandishi yalikuwa ya kweli kwa moyo wa zamani. Moyo aliubadili yeye.

Mtu yeyote wa Ford angemwambia hayo kabla kahawa haijapoa. Mmoja alijaribu.

Akahamisha nyaya nne, akarudisha kabureta ya Albina, akawasha. Injini ikanguruma chini kwa chini, laini, kama paka aliyepata mapaja. Aliizima haraka, asije mtu akaisikia.

"Niliona haya mbele ya chuma," aliniambia. "Unadhani natia chumvi?"

Njiani kwenda kwa dada yake alikuwa na sentensi moja mdomoni: Nimeirekebisha kabureta yako, Albi, sasa iko sawa. Ilikuwa sentensi tamu. Gari lisingeuzwa, Albina angeshukuru, na hakuna ambaye angejua. Aliirudia mpaka mlangoni.

Albina alikuwa anakata tambi za unga mezani. Hakumpa nafasi ya kufungua kinywa.

"Usiseme kitu, Kaka. Nimekumbuka. Ni ile skurubu ndogo ya pembeni. Niliikaza mno. Emil alinionya mara ngapi nisiikaze, na bado."

Ile sentensi ikamwishia Lad mdomoni.

"Hukuikaza mno."

"Utajuaje?"

"Kabureta yako iko kwenye injini sasa hivi, kama ulivyoifunga. Sijaigusa skurubu hata moja. Gari linakwenda vizuri."

Kisu cha Albina kikasimama. "Kumbe ilikuwa nini?"

"Nyaya. Nilizipanga kwa zamu isiyo yake. Ile kamshafti niliichagua mimi, na Milo aliniuliza nikamtukana."

"Ulijua lini kwamba si kabureta?"

Hapo pia palikuwa na mwanya wa kupitia. Lad akauona, akauacha.

"Jumatatu."

"Leo Alhamisi, Ladislav."

Jina lake zima lilikuwa likitamkwa na mama yao peke yake, na kwa siku za makosa tu.

"Naosha vyombo huku naitazama mikono yangu," Albina akasema. "Nimempigia simu mtu nisiyemjua aje alichukue gari la mume wangu. Na wewe uko pale, unakunywa kahawa."

"Nisamehe, Albi."

"Uliniumbua mbele ya watu. Msamaha ndio unaniletea jikoni?"

Jumamosi Lad akatuita tena. Tulikuja na viti vyetu. Kolache hazikuwapo. Mtu wa Omaha naye alikuja, akasimama karibu na mlango bila kuelewa amefika kwenye shughuli gani. Lad alivua kofia, akatuambia yote, pamoja na ile Jumatatu. Shingo yake ilikuwa nyekundu hadi masikioni.

"Ngoja nielewe," Duane akasema. "Mtu wa Chevrolet kashindwa na nyaya nne za Ford?"

"Nne."

"Na mzee wa posta alikwambia?"

"Nilimuuliza tu," Milo akasema. "Akanituma posta."

Watu wakaangua kicheko, na Lad akakipokea chote, hakugeuza uso. Kilipotulia akasema, "Kwenye gari hili kitu kilichofungwa sawasawa kilikuwa kimoja. Kile mlichokicheka. Nami ndiye niliyewachekesha."

Hakuna aliyecheka. Duane alitazama kiganja chake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo.

Albina akaingia ndani ya gari, akawasha. Aliisikiliza injini kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha, midomo ikitikisika kidogo. Kisha akafungua dirisha.

"Pole na safari, bwana," akamwambia mtu wa Omaha. "Haliuzwi."

Lad alizunguka hadi mlango wa abiria, akashika kitasa.

"Leo hapana, Kaka," Albina akasema. Hakusema kwa hasira.

Akaachia kitasa. Gari likatoka bandani, likashika barabara ya changarawe katikati ya mahindi, rangi yake ya maziwa ikawa ndogo, kisha likawa vumbi. Sisi tulikunja viti. Lad alikuwa bado barabarani, kofia mkononi, anasikiliza, hata pale ambapo hapakuwa tena na kitu cha kusikia.